Risiti 32 ziko wapi? Kwa nini nambari huruka na programu hukawia kujibu

Swali la mwezi huu limetufikia kutoka Gotu, kaunti ya Isiolo, kando ya mto Ewaso Ng'iro kwenye barabara ya kwenda Merti. Kuna kisima cha pampu huko ambacho kamati yake iliacha kushika pesa taslimu. Ukija na jerikeni, ukija na punda, ukija na ngamia hamsini, unalipa kwa simu, jina lako linatokea kwenye daftari la kompyuta, mfereji unafunguliwa. Kiangazi kikikaza na mto ukipungua, watu wanatoka mbali, Waborana na Waturkana, na foleni inaanza kabla ya jua kuchomoza.

Mwisho wa mwezi kamati ilichapisha daftari ili wanachama walisome. Mzee mmoja akafuata kwa kidole safu ya kwanza, ile ya nambari: 2415, 2416, 2417, kisha 2450. Akauliza jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: risiti 32 ziko wapi? Mweka hazina, mama anayeheshimika pale, hakuwa na jibu. Akapewa wiki moja: alete risiti au alipe. Aliyetuandikia kwa niaba yake aliongeza lalamiko la pili. Programu imekuwa nzito, ukitaka kujua nani amelipa unangoja karibu dakika nzima, na wapo waliolipa mara mbili kwa kudhani malipo ya kwanza yamepotea.

Tunayajibu yote mawili hapa, kwa sababu hayako Gotu pekee. Chama, duka la jumla, shule, matatu, yeyote anayepokea malipo ya simu na kuyaweka kwenye programu anaweza kukutana nayo. Sehemu fulani za somo hili ni za kumsomea kijana wenu wa kompyuta, lakini hata wewe usiyewahi kugusa kompyuta utaona mahali pa kushika.

Nambari mbili zisizofanana

Kila malipo yana nambari mbili, na ugomvi mwingi huanza pale zinapochanganywa.

Ya kwanza ni nambari ya muamala, ile inayokuja ndani ya ujumbe wa simu. Inatolewa na mtandao wa pesa wenyewe. Anayelipa anaiona, anayelipwa anaiona, na ni ileile. Chukua M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007. Nambari yake ya muamala ina herufi na tarakimu 10, na watumiaji wenye macho makali wameshagundua kwamba tatu za mwanzo ni tarehe. Ya kwanza ni mwaka: S kwa 2024, T kwa 2025. Ya pili ni mwezi, kuanzia A ya Januari. Ya tatu ni siku: 1 hadi 9, kisha A kwa tarehe 10, na kuendelea hadi V kwa tarehe 31. Kwa hivyo nambari inayoanza na TGK ni ya tarehe 20 Julai 2025. Mtu akikuonyesha ujumbe anaosema ni wa leo, na herufi zinasema ni wa mwezi uliopita, usifungue mfereji.

Ya pili ni nambari ya mstari. Hii haitoki kwetu wala kwa mtandao wa pesa. Inatolewa na hifadhidata ya programu yenu, ndani ya kompyuta yenu au ya fundi wenu, kila mstari mpya unapoandikwa. Kazi yake ni moja tu: kuhakikisha hakuna mistari miwili yenye jina moja. Haikutengenezwa kuhesabu risiti. Inaonekana kama hesabu kwa sababu inapanda, 1, 2, 3, na sisi wanadamu tukiona 1, 2, 3 tunategemea 4.

Mzee wa Gotu alikuwa anasoma nambari ya pili akidhani ni ya kwanza. Hana lawama, maana juu ya safu ile fundi alikuwa ameandika neno "Risiti".

Jinsi nambari inavyoungua

Fikiria karani wa kituo cha basi mwenye bunda la tikiti zilizochapishwa nambari. Abiria anakuja, karani anachana tikiti namba 58, anaanza kuandika jina, abiria anakumbuka amesahau mzigo na kuondoka. Tikiti 58 haiwezi kurudi kwenye bunda. Anayefuata anapata 59. Usiku bosi akihesabu atakuta 58 haipo kwenye orodha ya abiria, na hakuna shilingi iliyopotea.

Hifadhidata nyingi hufanya hivyo hivyo, na kwa makusudi. Nambari inachukuliwa kwanza, mstari unaandikwa baadaye. Uandishi ukikwama katikati, mstari unafutwa wote lakini nambari hairudi. Ingerudi, ingebidi kila anayefuata asubiri kwanza ijulikane kama wa mbele yake amefaulu.

Kuna njia nyingine ambayo huunguza nambari moja moja, na mahali penye mtandao dhaifu ndiyo tunayoiona sana. Sisi tukipokea malipo ya mteja wenu, tunatuma taarifa kwenye programu yenu na kungoja ijibu "nimepata". Mtandao ukikatika kabla ya jibu kufika, tunatuma tena, kwa sababu ni heri taarifa ifike mara mbili kuliko isifike kabisa. Programu iliyoandikwa vizuri hutazama nambari ya muamala, inaona tayari ipo, na kukataa ile ya pili. Sawa kabisa. Lakini mara nyingi, wakati wa kukataa, hifadhidata ilikuwa tayari imeshachana tikiti. Hata kwenye PostgreSQL, ukiandika amri ya kwamba ikigongana isifanye kitu, nambari imeshakwenda. Ndiyo maana daftari la sehemu yenye mtandao wa kusuasua huwa na mapengo ya moja moja huku na kule.

Sasa zile 32. Idadi hii ndiyo iliyotufanya tuulize swali moja tu kabla ya lingine lolote: programu yenu inatumia hifadhidata gani? Jibu likaja: PostgreSQL. Hifadhidata hii, ili isiandike kwenye kumbukumbu yake ya dharura kila inapotoa nambari moja, huandika mapema kwamba imetoa nambari 32 za mbele. Kompyuta ikizimwa kwa utaratibu, hakuna tatizo. Ikizimika ghafla, ikirudi inaamini kumbukumbu ile na kuanzia baada ya hizo 32. Kutoka 2417 hadi 2450 ni nambari 32 katikati, kamili. Kompyuta yenyewe ilikuwa Isiolo mjini, kwenye duka la fundi. Tukamwomba aangalie saa. Mstari wa 2417 uliandikwa saa 5:52 asubuhi. Mstari wa 2450 uliandikwa saa 7:09 mchana, ingawa malipo yake yalifanyika saa 6:05. Stima ilikuwa imepotea. Waliolipa wakati huo malipo yao yalipita, taarifa zao zikangoja kwetu, na kompyuta ilipowaka zikaingia zote kwa mkupuo.

Kila hifadhidata ina tabia yake, na ukijua tabia hiyo unaweza kubahatisha ugonjwa kwa kuangalia ukubwa wa pengo. SQL Server, tangu toleo la 2012, ikianguka inaweza kuruka nambari 1,000 kwa mkupuo. Na kama safu ni ya nambari kubwa zaidi, 10,000. Watu wameingiwa na baridi kwa kuona risiti 214 ikifuatwa na 1,214. Oracle huweka mfukoni nambari 20 za akiba usipoiambia vingine, na akiba hiyo hupotea ikianguka.

MySQL za kabla ya toleo la 8.0 zilikuwa na tabia ya kinyume, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Hesabu ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Kompyuta ikiwashwa upya, ilitazama nambari kubwa iliyobaki kwenye jedwali na kuendelea kutoka hapo. Maana yake nini? Mtu akifuta mistari mitatu ya mwisho jioni, kisha kompyuta ikazimwa na kuwashwa, nambari zile tatu zinatolewa tena kwa watu wengine. Daftari linabaki zuri, halina pengo hata moja, na pesa za mistari mitatu hazimo.

Pengo si ushahidi, na kukosa pengo pia si ushahidi

Hapa ndipo tungependa kila mweka hazina na kila mwanachama asimame kidogo. Nambari kuruka hakuthibitishi wizi. Nambari kutoruka hakuthibitishi uaminifu. Anayetaka kujua ukweli aachane na safu ile ya kwanza kabisa, achukue taarifa ya malipo ya Till kutoka kwetu, ambayo mweka hazina hawezi kuifuta wala kuibadilisha, ailaze kando ya daftari.

Gotu walifanya hivyo kwa siku moja, ile Jumamosi ya pengo. Daftari lilianza 2391 na kuishia 2478. Hizo ni nambari 88. Toa zile 32, toa na nyingine tatu zilizoruka moja moja, inabaki mistari 53. Taarifa yetu ya siku hiyo ilikuwa na malipo 53. Wakalinganisha nambari za muamala moja baada ya nyingine, mmoja akisoma, mwingine akitia alama kwa kalamu, mzee aliyeuliza akiwa ameketi katikati yao. Zote 53 zilikuwepo pande zote mbili, na jumla ya shilingi ilikuwa ileile. Wakati huohuo waliona jambo jingine ambalo hawakuwa wakilitafuta: simu moja ilikuwa imelipa shilingi 200 mara mbili, dakika nne kati yake. Tutalirudia.

Je, wizi ungeonekanaje? Ungeonekana kama nambari ya muamala iliyopo kwenye taarifa yetu lakini haipo kwenye daftari. Au shilingi 500 kwetu na shilingi 50 kwenu. Au mstari ulioko kwenye daftari kwa nambari ya muamala ambayo sisi hatuijui, mtu ameandika kwa mkono ili rafiki yake apate maji. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye safu ya 1, 2, 3.

Tuseme pia kwamba zoezi hili lilichukua asubuhi moja. Kwa malipo ya mwezi mzima si lazima usome yote kwa sauti. Linganisha idadi na jumla ya kila siku kwanza. Siku inayokubaliana, iache. Siku isiyokubaliana ndiyo ya kukalia.

Hali moja ambapo nambari inaumiza kweli

Kuna kisa kimoja cha nambari ambacho si cha kupuuza. Fundi anapohamisha rekodi za zamani kwenda kompyuta mpya, tuseme kwa faili la Excel, anaingiza mistari pamoja na nambari zake, 1 hadi 2478. Lakini mtambo wa kutoa nambari haukuguswa. Bado unaamini haujatoa hata moja. Malipo mapya yanaingia, unatoa 1, hifadhidata inasema 1 ipo, inakataa. Yanayofuata, 2, inakataa. Mteja amekatwa pesa, ujumbe umefika kwenye simu yake, na daftari halina jina lake.

Dalili yake ni ya ajabu kidogo, kwa sababu kila jaribio linalokataliwa linachana tikiti moja. Malipo yanakataliwa na kukataliwa, na siku moja, bila mtu kugusa kitu, yanaanza kupokelewa, maana hatimaye mtambo umepita 2478. Fundi anasema imejirekebisha yenyewe. Haikujirekebisha. Ilichosha tu rundo, na waliolipa katikati wako nje ya daftari. Dawa ni amri moja ya kuusogeza mtambo hadi kwenye nambari kubwa iliyopo: kwenye PostgreSQL ni setval. Ifanywe siku ileile ya kuhamisha, kabla mfereji haujafunguliwa. Kisha taarifa yetu itumike kuingiza waliokosekana.

Kwa nini programu inakawia

Programu ya Gotu ilipoanza ilijibu kabla hujashusha kidole. Watu walidhani mtandao ndio umeharibika, wakanunua laini nyingine, wakapanda mwinuko kutafuta mawimbi. Mtandao wa huko una shida zake, hatukatai. Lakini kuna kipimo rahisi. Ikiwa kurasa zote za programu ni nzito, shuku mtandao. Ikiwa ukurasa mmoja tu ndio mzito, na unazidi kuwa mzito kila mwezi, shuku jinsi hifadhidata inavyoulizwa.

Ukurasa mzito wa Gotu ulikuwa ule wa "Nani amelipa leo". Fundi aliuandika hivi: chukua orodha ya wanachama, na kwa kila mwanachama nenda kwenye jedwali la taarifa za malipo ukatafute simu yake. Mwanzoni wanachama walikuwa 40 na taarifa 3,000. Hiyo ni mitazamo 120,000, kazi ndogo kwa kompyuta. Sasa wanachama ni 400. Na kwa kuwa fundi anahudumia vikundi kadhaa na taarifa zote anaziweka jedwali moja, taarifa zimefika 120,000. Zidisha: milioni 48, kila mara mtu anapofungua ukurasa. Wanachama waliongezeka mara 10, taarifa mara 40, na kazi ikaongezeka mara 400.

Mfugaji anaelewa hili upesi kuliko mhasibu. Mifugo ya vijiji kumi imechanganyika mtoni, nawe unamtafuta mbuzi mmoja mwenye alama yako sikioni. Ukimpitia kila mbuzi na kuinua sikio lake, utampata, lakini jua litakuwa limetua. Tena usimtafute mmoja ukarudi nyumbani, ukaja tena kumtafuta wa pili. Nenda mara moja na orodha yote. Hilo ndilo badiliko la kwanza: swali moja kwa hifadhidata badala ya maswali 400.

Badiliko la pili ni faharasa. Kama vile kitabu kikubwa kina orodha nyuma inayosema neno fulani liko ukurasa gani, hifadhidata nayo inaweza kuwekewa orodha ya simu iliyopangwa, ili iende moja kwa moja. Ajabu ni kwamba fundi wa Gotu alikuwa tayari ameiweka. Haikutumika.

Sababu yake ni ya Kenya kabisa. Nambari moja ya simu huandikwa kwa namna nyingi. Kuna anayeanza na 07, kuna 2547, kuna +2547, na Excel nayo hupenda kula sifuri ya mbele ikabaki 7. Tangu 2019 kuna na zile za 01. Ili zilingane, fundi aliamua kwamba wakati wa kutafuta, programu ikate kila nambari na kulinganisha tarakimu tisa za mwisho. Inafanya kazi. Lakini faharasa imepangwa kwa nambari nzima tangu mwanzo wake, na wewe unauliza kwa mkia. Ni sawa na kutafuta kwenye kamusi maneno yote yanayoishia na "-ani". Kamusi imepangwa vizuri, na bado utasoma yote.

Dawa si kuongeza kompyuta yenye nguvu. Ni kuamua namna moja ya kuandika simu, 254 na tarakimu tisa, kusafisha za zamani mara moja, na kusafisha kila mpya inapoingia mlangoni, si inapotafutwa. Iwekwe kama maandishi, na iulizwe kama maandishi. Kwenye MySQL, ukiuliza safu ya maandishi kwa nambari tupu, faharasa inaachwa kando vilevile. Ugonjwa huohuo hujificha kwenye tarehe: badala ya kuiambia hifadhidata itoe mwezi kutoka kwa kila tarehe kisha ilinganishe na Julai, mwambie fundi aulize kuanzia Julai 1 hadi kabla ya Agosti 1.

Asibahatishe pia. Kwenye PostgreSQL aweke maneno EXPLAIN ANALYZE mbele ya swali linalokawia, na hifadhidata itamweleza njia iliyopita na muda wa kila hatua. Akiona Seq Scan juu ya jedwali lenye mistari laki na zaidi wakati anatafuta mtu mmoja, amefika penye mwiba. (Hiyo Seq haihusiani na nambari zetu zinazoruka, ni kusoma mstari kwa mstari. Na kwenye jedwali dogo ni jambo la kawaida, asihangaike.) Tahadhari moja: amri hiyo inaendesha swali kwelikweli, kwa hivyo asiiweke mbele ya amri ya kufuta akidhani ni majaribio. Wala asiweke faharasa kwenye kila safu kwa furaha, kwani kila faharasa lazima iandikwe upya malipo yanapoingia, na utakuwa umehamisha foleni kutoka kwenye kusoma kwenda kwenye kuandika.

"Basi tutengenezeeni nambari zisizoruka"

Kamati iliomba hivyo, na tunaelewa. Inawezekana. Unaweka hesabu kwenye mstari mmoja ndani ya jedwali, na kila malipo yanaushika mstari huo, yanaongeza moja, yanaandikwa, kisha yanauachia. Yakishindikana, nambari inarudi.

Gharama yake ni foleni. Wakati malipo moja yameshika mstari ule, mengine yote yanangoja mlangoni. Saa moja asubuhi, watu thelathini wakilipa kwa pamoja, na mmoja wao taarifa yake imekwama nusu njia, wote ishirini na tisa wamesimama. Mnanunua safu nzuri kwa dakika za watu wenye punda waliobeba jerikeni tupu. Kwa kisima, sisi hatungeshauri.

Tulichowashauri ni rahisi zaidi. Kwenye daftari linalochapishwa, safu ya "Risiti" iondolewe, mahali pake pawekwe nambari ya muamala. Na kama wanachama wanataka 1, 2, 3 ili wasome kwa kidole, programu izitoe jioni wakati wa kufunga siku, kwa malipo yaliyokwisha kuingia na kukubaliana na taarifa yetu. Hapo hakuna anayesubiri, na pengo likitokea kesho yake basi kweli mtu amefuta.

Ukiwa mferejini na jina halitokei

Usilipe tena. Angalia ujumbe kwenye simu yako kwanza. Ukiwa na nambari ya muamala na salio limepungua, malipo yamefanyika, hata kama kioo cha kioski kinasema bado. Msomee mhudumu nambari hiyo. Naye ailinganishe na taarifa ya Till kwenye simu ya kamati, si na ukurasa ule mzito. Kama hakuna ujumbe, angalia salio kabla ya kujaribu mara ya pili, kwa sababu ujumbe pia huchelewa pale mawimbi yanapokuja na kwenda.

Waliolipa mara mbili hawajapoteza. Yule wa shilingi 200 alirudishiwa na kamati kutoka kwenye Till, baada ya wote wawili kuonyesha nambari mbili tofauti za muamala kutoka simu moja. Si kila malipo mawili ya kiasi kimoja ni kosa, mtu anaweza kumlipia na jirani yake, kwa hivyo kamati iulize kabla ya kurudisha.

Na kwa kuwa habari za nambari zilizoruka husafiri haraka, wapo watakaozitumia. Mtu akikupigia simu akasema muamala wako umeruka kwenye mfumo na anahitaji PIN yako aurudishe, kata simu. Nambari zinaruka kila siku na hakuna inayorudishwa kwa PIN ya mtu yeyote. Ukiwa na shaka na malipo, tutumie nambari ya muamala, tarehe na kiasi. Hayo matatu yanatosha kuyapata.